Hata Milimita Moja

Kiwandani walimwita Milimita, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Alikuwa fundi wa sampuli, yaani mtu anayeshona kiatu cha kwanza kabisa, kile ambacho wengine wote wanakiiga. Mshono ukipinda kidogo tu, anaufumua. Kisigino kikizidi mwenzake kwa unene wa ukucha, anamrudishia aliyekibandika, na huyo akinuna, shauri yake. Mshonaji mmoja wa ngozi za juu, mwanamke wa maneno mengi waliyembandika jina la Redio, alizoea kusema kwamba siku Milimita akifa, wachimba kaburi watakoma, maana atafufuka kuwapimia pembe.

Basi huyo huyo Milimita, mtu wa vipimo, ndiye aliyeharibu. Tena hakuharibu kwa uzembe. Laiti ungekuwa uzembe! Mzembe anafokewa, ananuniwa wiki nzima, halafu maisha yanaendelea.

Kiwanda kilikuwa cha viatu vya shule, vile vyeusi vya kamba. Ukumbi wa kushonea ulikuwa mrefu, cherehani safu kwa safu, na harufu ya gundi iliyokuwa inamfuata mtu mpaka kitandani kwake. Siku moja Bosi, mtoto wa yule tajiri aliyekianzisha, aliwakusanya watu wote katikati ya ukumbi. Hakupanda juu ya kitu wala hakushika karatasi. Alisimama tu, mikono mifukoni, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Sitawazungusha," alisema. "Wanunuzi wanataka bei ya chini, na bei hiyo mimi siiwezi kwa kushonea hapa. Kushona kunahamia ng'ambo. Huko mikono ni rahisi. Nitabakiza wachache: wa sampuli, wa ukaguzi, wa stoo. Na hao wachache watabaki ikiwa tu tutapeleka sampuli ya kueleweka, kiatu ambacho mtu akikiona dukani hawezi kukiacha. Ikishindikana hiyo, nitanunua viatu vilivyokwisha kushonwa huko huko, na hapa tutafunga mlango."

Watu wote wakageuka wakamtazama Milimita.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wa kiwandani hawakulijua vizuri. Mkono wa Milimita ulikuwa umekufa ganzi. Si kwa maradhi. Ulikufa siku alipomzika mwanawe, mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka tisa aliyechukuliwa na homa ya ghafla, leo mzima, keshokutwa hayupo. Tangu hapo alikuwa anashona, ndiyo, lakini anashona kama mtu anayetafuna chakula kisicho na chumvi. Alijifungia akashona sampuli ya kwanza, akaitazama, akaifumua. Ya pili akaitupa chini ya meza. Ya tatu hakuimaliza. Meli ya kupeleka sampuli ilikuwa inaondoka Ijumaa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua koti.

"Mama Malkia," alianza.

"Hapana," mkewe akasema.

"Hujasikia ninalotaka."

"Tangu uingie unalitazama sanduku. Hapana, Baba Malkia."

Malkia ndilo jina walilokuwa wanamwita mtoto wao. Alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, akawa anatembea akiyumba, taratibu, na wenzake wakimpigia kelele awahi, anawajibu bila kugeuka kwamba malkia hakimbizwi. Wacha wee, mtoto alikuwa na maringo! Baba yake ndiye aliyekuwa anamshonea viatu. Kile cha kushoto alikipandisha kwa ndani, chini ya soli ya ndani, tabaka juu ya tabaka, na ngozi ya juu akaikata ndefu kidogo ili kisigino kisichomoke. Kwa nje havikuwa na tofauti yoyote. Ukiviweka mezani unaona viatu viwili vya shule, basi. Malkia akivivaa, anasimama amenyooka, na wale wa kumcheka wanatafuta mwingine.

Jozi ya mwisho ilikuwa sandukuni, imeviringishwa kwenye sweta lake. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya fundi huyo, na alijua, na mkewe alijua pia.

"Ni ajira ya watu," Milimita alisema. "Ni yangu. Tukikosa hii tumekwisha, hatuna mbele wala nyuma."

"Si ushone vingine? Wewe si ndiye fundi?"

"Nimeshindwa."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na mtu huyo ndani ya nyumba hiyo. Mkewe akakaa. Alikaa kitambo, akizungusha pete kidoleni, kisha akapiga magoti akafungua sanduku.

"Vitarudi?"

"Vitarudi."

"Niapie."

"Nakuapia kwa mwenyewe aliyevivaa. Vitarudi."

Akampa, na sweta akabaki nalo.

Kesho yake Milimita alivipaka dawa akavifikisha ofisini. Bosi alivigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye mshono, akaguna kwa kuridhika. Karani wa kuandikia watu wa ng'ambo alimuuliza kama kuna la kuongezea. Hapo ndipo yule fundi akavimba kichwa. Ni binadamu, tumlaumu kidogo tu. Alijua mikono ya bei rahisi inavyolipua kazi, akaona awakomeshe mapema.

"Waambie waige kama kilivyo," alisema. "Wasibadilishe hata milimita moja."

Utauliza, jamani, alisahau vipi? Mtu aliyelikata tabaka lile kwa kisu chake mwenyewe? Mimi nitakujibu kama alivyonijibu yeye. Hakusahau. Katika macho yake viatu vile vilikuwa sawa. Miaka yote alivitazama vikiwa miguuni pa mtoto, na mtoto alikuwa amesimama sawa. Kiatu chenye kasoro ni kile kinachompindisha mtu, na hivi vilimnyoosha. Haikumjia kabisa kwamba duniani kuna watoto wenye miguu iliyolingana na kwamba hao ndio wengi.

Miezi ikapita. Ukumbi ukabaki mtupu, cherehani zikauzwa, sakafuni zikabaki alama za miguu ya meza. Waliobaki walihamia chumba cha pembeni, na Redio, aliyehamishiwa ukaguzi, aliapa kwamba vikija tu atavicheka mpaka mbavu zimuume.

"Watakuwa wameshona kwa meno," alisema. "Ngoja uone. Nyuzi zitaning'inia huko!"

Kontena likaja. Wakafungua boksi la kwanza. Redio akatoa kiatu, akakigeuza huku, akakigeuza kule.

"Semeni mnavyotaka," alisema mwishowe, "lakini hawa watu wanajua kushona."

Walikuwa wanajua kweli. Milimita alivuta uzi, haukuvutika. Alikunja soli, ikarudi. Karibu na ulimi wa kiatu yeye alikuwa na mazoea ya kurudia tundu moja la mwisho, mazoea tu ya mkono wake, na wao walilirudia tundu hilo hilo kwenye kila kiatu, boksi baada ya boksi. Mtu fulani asiyemjua, mbali huko, alikuwa ameketi akausoma mkono wake kwa adabu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Milimita aliona raha ya kazi. Aliona aibu pia, kwa jinsi alivyokuwa amewasema. Akavipitisha vyote.

"Na ile sampuli yangu?" alimuuliza Bosi.

"Haimo humo? Basi itakuja na mzigo mwingine. Usijali."

Nyumbani mkewe alimsubiri mlangoni, akatazama mikono yake mitupu.

"Mzigo mwingine," Milimita alisema.

"Haya," akajibu, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo akawa anamsubiri mlangoni kila jioni, na kila jioni anatazama mikono kwanza, uso baadaye.

Viatu vikaenda madukani, shule zikafunguliwa. Haukupita muda, malalamiko yakaanza. Mtoto huyu anaumwa kiuno, yule anachoka, mwingine hataki kabisa kuvaa. Ofisini wakasema ni ngozi mpya, itazoea. Mpaka siku alipofika dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, amemshika binti yake mkono, akakataa kuondoka getini.

"Mwanangu nilimkabidhi kwenu mzima," alisema. "Nataka mnieleze mmemfanya nini."

Bosi alitoka, Redio alitoka, Milimita akatoka nyuma yao anajifuta mikono.

"Tembea, mama," dereva akamwambia bintiye kwa upole. "Tembea wakuone."

Msichana akatembea. Alikuwa na miaka tisa, kumi hivi, na soksi nyeupe. Alivuka ua taratibu, na kila hatua bega lake lilizama na kuinuka, likazama na kuinuka. La kwake lilizama kulia. La Malkia, alipokuwa peku, lilikuwa linazama kushoto. Kwa Milimita ilikuwa ni kumwona mwanawe kwenye kioo, anavuka ua wa kiwanda mchana kweupe, anamjia.

Aliinama mbele ya yule mtoto.

"Nivulie hicho, mwanangu. Tafadhali."

Akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto akabonyeza. Tabaka lilikuwepo. Lile lile, kimo kile kile, limechongwa kwenda mbele kama alivyolichonga yeye, ili lisiumize unyayo. Akakaa chini palepale vumbini na kiatu cha mtoto wa watu mkononi. Redio alidhani amepatwa na ugonjwa, akapiga kelele waletewe maji.

Bosi hakuwa na subira ya maji. Aliwaingiza ofisini, akapiga simu ng'ambo, akaiweka mezani wote wasikie, akawaka. Upande wa pili alikuwepo msimamizi mwanamke na mkalimani wake. Mwanamke yule alisubiri mpaka Bosi akaishiwa na pumzi.

"Anasema walifuata sampuli," mkalimani akasema. "Anasema waliona upande wa kushoto una kimo zaidi. Waliuliza. Waliuliza tena. Mara zote walijibiwa waige kama kilivyo, wasibadilishe hata milimita moja."

Bosi akamgeukia karani. Karani akamtazama Milimita, kisha akatazama sakafu.

"Walionaje?" Milimita akauliza. "Kimo kiko ndani. Waliona vipi?"

Yakapita maneno huko kwa lugha yao.

"Anasema walikikata katikati. Anasema sampuli zote hukatwa, utaigaje kitu usichokiona ndani? Anauliza, kwani nyinyi huko hamkati?"

Walikuwa wanakata. Milimita mwenyewe, kwa msumeno ule mwembamba uliokuwa ukining'inia juu ya meza yake, alikuwa amekata viatu vya viwanda vingine maisha yake yote, kutoka ncha ya vidole mpaka kisigino, akivisoma matumbo. Alilijua hilo usiku wa kuapa kama alivyolijua jina lake. Alilijua, na alijifanya halijui, kwa sababu angelikubali, asingeweza kunyoosha mkono kwenye lile sanduku.

Baada ya wiki kadhaa kilifika kifurushi kidogo, ushahidi wa watu wa ng'ambo kwamba hawakuongopa. Ndani mlikuwa na nusu ya kiatu cha kushoto, upande wa nje, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kibandiko chenye namba. Vipande vingine vilikwisha kutupwa.

"Chukua," Bosi alimwambia. Hakupiga kelele tena. Madai ya maduka yalikuwa yamemmaliza, na wale wachache aliowabakiza alikwisha kuwaaga. "Kabla hujaenda, kuna kazi moja ya mwisho. Vilivyorudishwa vyote viko stoo. Vikatwe. Kila kiatu kipasuliwe kisivalike tena. Sitaki nivikute sokoni."

"Bosi, jamani," Redio aliingilia, machozi yanamlenga. "Si tuvigawe? Kuna watoto wanakwenda peku."

"Na hao watoto wa peku wana miguu ya aina gani?" Bosi akauliza. Haikuwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Milimita alitia ile nusu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kisha, watu walipokwenda kula, aliingia stoo akachagua jozi ya namba ya mwanawe. Alikaa nayo nyuma ya kiwanda. Akaisugua soli kwa jiwe, zaidi upande wa ndani, Malkia alivyokuwa anaila. Akaikunja ngozi mahali pa vidole mpaka ikafanya makunyanzi. Akaipaka dawa, akaifuta, akaipaka tena. Kamba akazitia vumbi akazifua. Kwa macho, hata yeye asingetofautisha. Usiniulize kama alijua ni vibaya. Alikuwa anataka tu mkewe aache kusimama mlangoni.

Jioni mkewe alitazama mikono, akaviona.

Ah! Ungemwona mwanamke yule. Alivipokea kwa mikono miwili, akavibana kifuani, akaenda kulileta lile sweta, akakaa nalo mapajani. Milimita alisimama karibu na meza, akifikiri pengine Mungu amemsitiri. Mkewe akalegeza kamba za kiatu cha kushoto, pole pole, akaingiza mkono ndani mpaka kiganja kikapotea.

Akakaa hivyo.

"Baba Malkia, hivi sivyo."

"Ndivyo. Wamevipaka dawa tu."

"Mimi huwa naingiza mkono," mkewe akasema. "Ukienda kazini, navitoa, naingiza mkono. Mle mbele kuna vishimo vya vidole vyake. Vitano. Kile cha mwisho alikuwa anakikunja, kishimo chake kimekwenda upande. Mimi naviweka vidole vyangu pale, ndiyo siku yangu inaanza." Akautoa mkono. "Humu hamna mtu."

Milimita alitaka kusema uongo mwingine, akauacha. Akaingiza mkono kwenye koti akautoa ule mfuko wa plastiki, akauweka mezani. Hakuweza kuuweka mkononi mwa mkewe.

Mkewe aliutazama muda mrefu kabla ya kuufungua. Akaitoa ile nusu. Msumeno ulikuwa umepita safi kabisa, tabaka zote zinaonekana, kazi nzuri. Akapeleka ncha za vidole vyake kwenye soli ya ndani, mbele, akapapasa.

"Kidole kidogo kipo," alisema. "Na wa pili wake. Huyu wa katikati wamemkata." Akapapasa tena hewani, pale ambapo kiatu kilikuwa kimekwisha. "Na wengine?"

"Vilitupwa."

"Uliniapia kwa yeye."

"Najua."

"Kwa yeye mwenyewe, uliniapia."

Ndipo akalia, na alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya maziko, na Milimita alipotaka kumshika alimsukuma, kisha akamvuta, kisha akamsukuma tena. Akalia mpaka sauti ikaisha. Milimita akamweleza yote akiwa amekaa sakafuni: ua, binti wa dereva, simu, stoo iliyojaa mpaka darini viatu vya mtoto mmoja. Akamweleza na kazi ya kesho.

Mkewe akajifuta uso.

"Vyote hivyo ni vya kwake?"

"Vyote."

"Na wewe ndiye utakayevikata."

"Ndiyo."

Alilikunja sweta juu ya ile nusu, kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Usikate kabla hujaangalia ndani," alisema.

Asubuhi Milimita alifungua stoo, akajiwekea stuli katikati ya marundo, akanoa kisu. Redio alikuja kumsaidia kubeba maboksi. Alikuja na utani wake tayari, maana alidhani leo mwenzake anahitaji kuchekeshwa, lakini alipoona anavyofanya, akauacha utani. Akaketi juu ya boksi akafunika uso kwa mikono.

Milimita aliokota kiatu cha kushoto, akalegeza kamba, akaingiza mkono mpaka mbele kabisa, akapapasa kwa ncha za vidole, moja moja, taratibu. Hamna mtu. Akakata. Akakiweka upande, akaokota kingine, akaingiza mkono.